Kamba ya Wanyoike

Huku Chita, chini ya milima ya Udzungwa, anayetoka kuugua malaria haulizwi kwa nini ndoo ya maji imemshinda. Ndiyo maana katika historia ya Henry Wanyoike namfikiria kwanza John Kibunja, aliyekuwa macho yake kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000.

Wanyoike, Mkenya, alikuwa mkimbiaji chipukizi. Mwaka 1995 kiharusi kilimpata usiku, alipoamka haoni. Alikata tamaa kwa muda mrefu. Akaja kujifunza kufuma sweta katika chuo cha wasioona Machakos, kisha akarudi kukimbia.

Sydney zilikuwa mita 5,000. Asiyeona na mwongozaji wake hushika kamba fupi, na mwongozaji haruhusiwi kuvuka mstari wa mwisho kabla ya mwenzake. Kibunja alikuwa amedhoofishwa na malaria. Karibu na mwisho miguu ikamwisha nguvu, akawa anayumba. Wanyoike angeweza kuiachia kamba, lakini angekimbilia wapi? Akamvuta mwongozaji wake hadi kwenye dhahabu. Wahamasishaji husema alishinda kwa moyo wake. Mimi naona kilichompa nguvu ni yule mtu wa upande wa pili wa kamba, ambaye hakuweza kumwacha njiani.

Baadaye aliongozwa na Joseph Kibunja, rafiki yake wa utotoni. Athens, mwaka 2004, walitwaa dhahabu za mita 5,000 na 10,000. Aprili 2005 Wanyoike akakimbia marathoni ya London, na wiki moja baadaye ya Hamburg.