Rada ikisema 40, ni 40 ya nini? Majina ya vipimo vya rada na kwa nini ni lazima yakubaliwe

Ukimwambia mnunuzi kwamba una magunia kumi ya mahindi, bado hujamwambia kitu. Gunia lipi? La kawaida, au lile la lumbesa lililoshonewa kilemba juu? Wakala wa Vipimo unataka gunia lisizidi kilo 100, na mkulima yeyote wa Nzega au Sikonge anajua hasara inayotokana na neno moja kubeba vipimo viwili. Jina ni lile lile, mzigo ni mwingine.

Watu wanaopima mvua, misitu na maji kwa rada wamepata shida hiyo hiyo. Makala haya yanaeleza shida ilivyo, imetatuliwa kwa kiasi gani, na inatuhusu vipi sisi wa Tabora.

Kwanza, rada haipimi mvua

Tuanze na jambo ambalo wengi hatuliambiwi. Rada hutuma mawimbi ya redio, kisha husubiri yale yanayogonga kitu na kurudi. Kinachopimwa ni mwangwi, yaani nguvu ya mawimbi yaliyorudi na muda yaliyochukua. Kiasi cha mvua, wingi wa miti au unyevu wa udongo ni hesabu inayofanywa baadaye juu ya mwangwi huo.

Nilijifunza hili kwa aibu. Asubuhi moja ya msimu wa mvua niliona kwenye simu picha ya rada yenye madoa ya njano, na pembeni imeandikwa 40. Nikasema hewani kwamba upande wa Nzega kumenyesha milimita 40. Mzee mmoja akapiga simu: "Mwanangu, kopo langu lina nane." Alikuwa sahihi. Ile 40 haikuwa milimita hata kidogo, ilikuwa ni nguvu ya mwangwi kwa kizio kinachoitwa desibeli Z.

Desibeli ni kipimo cha kupandisha kwa kuzidisha. Kila ukiongeza 10, nguvu imezidishwa mara kumi. Kutoka 30 hadi 40 si kuongezeka kwa theluthi kama tunavyohesabu shilingi, ni mara kumi nzima. Na kupata milimita kutoka kwenye desibeli kunahitaji kanuni. Ile iliyotumika sana ni ya wanasayansi Marshall na Palmer ya mwaka 1948. Kwa kanuni hiyo, desibeli 40 ni mvua ya kama milimita 12 kwa saa. Lakini ipo kanuni nyingine iliyotengenezwa kwa mvua za nchi za joto, na hiyo kwa mwangwi ule ule inatoa kama milimita 22 kwa saa. Hayo ni karibu mara mbili, na rada haijabadilika chochote.

Ndiyo maana orodha za kimataifa zinatenganisha majina. Mwangwi una jina lake, kasi ya mvua kwa saa ina jina lake, na jumla ya mvua iliyofika chini ina jina lake. Ukiandika "mvua" tu juu ya namba, msomaji hajui umempa ipi kati ya hizo tatu.

Hata jina rasmi la mwangwi wa mawingu limechaguliwa kwa uangalifu. Lina neno lenye maana ya "sawia". Kwa maneno mengine rada inasema hivi: kama vitu vilivyoko kule juu vingekuwa matone ya maji, mwangwi wake ungelingana na huu. Haisemi kwamba ni matone. Mkulima wa tumbaku anajua umuhimu wa tofauti hiyo, kwa sababu mvua ya mawe hurudisha mwangwi mkubwa sana, na ukiigeuza kuwa milimita utapata gharika ambayo haikunyesha, wakati shambani majani yamechanika.

Mwanza inaiona Tabora kwa juu

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilianza na rada za Dar es Salaam na Mwanza, kisha ikaongeza nyingine katika mikoa mingine, Kigoma ikiwa mojawapo. Kwetu, Mwanza ndiyo jirani wa karibu zaidi.

Kutoka Mwanza hadi Tabora mjini ni karibu kilomita 280 kwa mstari ulionyooka. Mwali wa rada huinuliwa kidogo ili usigonge vilima, na dunia nayo imejipinda. Mwali ulioinuliwa kwa nusu nyuzi, ukifika juu ya Tabora, unakuwa kama kilomita 7 kutoka ardhini. Hapo unaona vichwa vya mawingu marefu ya radi. Mvua ya mawingu mafupi inapita chini yake bila kuonekana. Nzega iko karibu zaidi, mwali unapita kama kilomita 4 juu.

Kwa hiyo namba ya rada isiyotaja imepimwa kwenye kimo gani haijakamilika. Ramani mbili zinaweza kutofautiana kwa sababu moja ni ya mwali wa chini kabisa na nyingine ni ya mwangwi mkubwa kuliko wote kutoka chini hadi juu ya wingu. Zote huitwa "picha ya rada". Kwenye makundi ya simu zinasambazwa bila maelezo, na hapo ndipo vurugu inapoanza.

Rada za angani na miombo yetu

Rada nyingine zimefungwa kwenye setilaiti na zinaangalia ardhi. Faida yake kwa magharibi ya Tanzania ni kubwa. Kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu hufunika anga, na setilaiti za picha za kawaida hazioni kitu. Mawimbi ya rada yanapenya mawingu, mchana na usiku.

Sentinel-1 ya Ulaya, iliyoanza kurushwa mwaka 2014, hutumia mawimbi ya urefu wa kama sentimita 5.6, ambayo hugonga zaidi majani na vitawi. ALOS-2 ya Japani, ya mwaka huo huo, hutumia mawimbi ya zaidi ya sentimita 20, yanayopita kwenye majani na kugonga matawi na vigogo. Mwaka 2025 Ulaya ilirusha setilaiti iitwayo Biomass yenye mawimbi ya kama sentimita 70, kwa kazi maalumu ya kupima misitu. Msitu ule ule wa miombo utatoa namba tofauti kwa kila moja. Kwa hiyo jina la kipimo lazima litaje na urefu wa wimbi.

Tatizo gumu zaidi liko kwenye kugawanya. Mwangwi kutoka ardhini hugawanywa kwa eneo, kama tunavyosema gunia kwa ekari. Lakini eneo lipi? Rada hutazama kwa pembeni, haitazami kutoka juu moja kwa moja. Unaweza kugawanya kwa eneo lilivyo kwenye mstari wa kutazama wa rada, kwa eneo lilivyo juu ya ardhi, au kwa eneo lililokatwa likakabili mwali uso kwa uso. Wataalamu wameyapa majibu hayo matatu herufi za Kigiriki: la kwanza ni beta, la pili ni sigma, la tatu ni gama, kila moja ikiwa na kisifuri juu yake. Yote matatu, katika maandishi mengi, yaliitwa kwa jina moja tu, mrudisho wa rada.

Hesabu yake ni hii. Rada ikitazama kwa pembe ya nyuzi 40, gama huzidi sigma kwa kama desibeli 1.2, yaani asilimia 30 hivi. Sasa fikiria ofisa mmoja alipima msitu wa kijiji akaandika gama. Miaka kumi baadaye mwingine akapima akaandika sigma, na wote wakaandika "mrudisho". Ukilinganisha karatasi zao, itaonekana mwangwi umepungua kwa karibu robo. Mtu atasema kijiji kimekata miti, na hakuna mti ulioguswa.

Jambo hili si la nadharia. Jirani zetu wa Katavi, katika vijiji vya Wilaya ya Tanganyika karibu na milima ya Ntakata, hupokea fedha za kaboni kwa kutunza misitu. Mahali ambapo hesabu ya miti inageuka zahanati na madarasa, kosa la jina linakuwa kosa la fedha, iwe kipimo ni cha rada au cha futi kamba.

Na kuna mtego mwingine mdogo. Mafaili ya misitu ya shirika la anga la Japani hayana desibeli ndani yake, yana namba nzima kama 3000. Lazima uizidishe kwa yenyewe, uchukue logi yake mara kumi, kisha utoe 83, ndipo unapata desibeli 13.5 chini ya sifuri. Asiyejua hilo anadhani 3000 ndiyo kipimo.

Nani anakaa kukubaliana?

Tabora haikuwa mgeni wa shughuli hii. Wakati mji huu ukiitwa Kazeh, misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, na biashara yote ilisimama juu ya majina ya vipimo. Burton na Speke walifika mwaka 1857 wakayakuta. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, kama kilo 16. Nguo ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Hesabu safi kabisa, mpaka uulize mkono wa nani, maana mwenye mkono mfupi akiuza anapata faida. (Mimi nadhani ndiyo lumbesa ya kwanza katika mkoa huu.)

Kwa upande wa hali ya hewa na tabianchi, kazi hiyo inafanywa na kundi la wataalamu wanaotunza kanuni zinazoitwa CF, ambazo toleo la kwanza lilitoka mwaka 2003. Mtu yeyote anaweza kupendekeza jina. Anatakiwa alete na maana yake na kizio chake, kisha wengine wanahoji hadharani mpaka wakubaliane. Inachukua muda, na mabishano yake yanaweza kumchosha mtu. Lakini jina likishapita halifutwi. Likibadilishwa, la zamani linabaki limeandikwa kando yake, ili faili la miaka ya nyuma lisipotee njia.

Kwa rada za setilaiti, ipo kamati ya kimataifa ya mashirika yenye setilaiti za kuangalia dunia, CEOS, iliyoanzishwa mwaka 1984. Kwa data za mwangwi zilizoandaliwa tayari kwa mtumiaji, imechagua gama iliyosahihishwa kwa miinuko na mabonde. Digital Earth Africa, inayotoa data za bure kwa bara letu, hutoa Sentinel-1 kwa gama hiyo.

Kiswahili nacho kina kazi yake. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ndilo lenye jukumu la kusanifisha istilahi nchini. Sisi wa redio, katika taarifa zetu, tunasema "mwangwi" kwa kile rada ilichopokea, "kasi ya mvua" kwa milimita kwa saa, na "mvua iliyonyesha" kwa kile kilichofika kwenye kopo. Ukitusikia tukichanganya, piga simu kama yule mzee.

Na ukitumiwa ramani ya rada, usianze na rangi. Tafuta maandishi madogo: kizio ni desibeli au milimita, ni ya kimo gani, ya saa ngapi, na ya rada ipi. Pasipo hayo, kopo lililonyooka kuta zake, lililowekwa uwanjani mbali na mti na paa, linakupa jibu bora kwa shamba lako. Milimita moja ndani yake ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba. Lisome asubuhi saa tatu, liandike, limwage.