Ulimi Unapokuwa Shahidi: Historia Kutoka Kasulu na Kibondo

Nikahi hutaka mashahidi, na heshima ya bibi harusi imo ndani ya maneno yao. Leo tunavuka bahari mpaka nyanda za juu za Kigoma, nchi ya Waha, kuona ushahidi wa uongo ulivyo mzito, na vipi sheria inamlinda anayetuhumiwa kuwa amesema uongo.

Enzi za Mwingereza, kesi nyingi za wenyeji zilisikilizwa kwenye mabaraza ya machifu. Miaka ya 1950, ufalme wa Heru huko Kasulu ulikuwa chini ya mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa, na sheria ya mwaka huohuo ikaunda Mahakama za Mwanzo.

Katika mahakama za Bara, Mkristo huapa na Muislamu huthibitisha. Asidhani mtu kuwa kwa vile hakuapa, uongo wake ni mwepesi. Kanuni ya Adhabu inawahesabu sawa, na kifungo chaweza kufika miaka 7.

Lakini sheria hiyohiyo inaogopa kumdhulumu mtu. Lazima ithibitike kwamba alijua anasema uongo, na kwamba jambo lenyewe lina uzito katika kesi. Kusahau si kosa hilo, wala kukosea tarehe kwa nia safi. Tena hatiwi hatiani kwa neno la shahidi mmoja peke yake kwamba alidanganya.

Kinga hii ilihitajika sana Kigoma. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa mwaka 1993, Warundi wengi walikimbilia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ikafunguliwa kwa Wakongo. Mwenye kusema Kirundi au Kibembe mbele ya hakimu wa Kiswahili hutegemea mkalimani. Neno likipindishwa njiani, mkweli huonekana muongo. Ndiyo maana mkalimani anayetafsiri uongo kwa kujua naye ana kosa lilelile.

Mauaji ya kimbari ya Rwanda nayo yalileta mahakama ya kimataifa ya Rwanda, Arusha. Huko shahidi aliyefichwa kwa herufi GAA alitoa ushahidi dhidi ya waziri wa zamani Kamuhanda. Mwaka 2005, kwenye rufaa, akaukana. Baadaye alikiri kwamba kule kukana ndiko kulikuwa uongo, na mwaka 2007 akahukumiwa kifungo cha miezi 9.

Kwetu sisi, Mtume (s.a.w.) aliutaja ushahidi wa uongo pamoja na madhambi makubwa kabisa, na Suratun Nur inamtaka anayemsingizia mwanamke msafi alete mashahidi wanne.

Basi dada, ukiitwa kushuhudia talaka, mahari au mirathi, sema ulichokiona. Usichokijua, sema hukijui. Na ukituhumiwa, omba mkalimani, omba usomewe maneno yako yalivyoandikwa, na utafute wakili mapema. Allah atuhifadhi ndimi zetu, amin.