Uhami wa joto wa roshani

Uhami wa joto wa roshani ni uwekaji wa tabaka la kuzuia joto kwenye bamba la zege ambalo ni sakafu ya roshani na pia paa la chumba kilicho chini. Huko Jinja, mji wa Uganda ulio karibu na ikweta, lengo kuu la uhami huu ni kupunguza joto la jua linalopenya zege. Tabaka likiwekwa juu ya bamba, hupandisha sakafu kuelekea kizingiti cha mlango. Likiwekwa chini yake, hushusha dari ya chumba. Kwa hiyo kimo kilichopo kikiwa kidogo, hufaa povu gumu la poliurethani, ambalo kwa unene uleule huzuia joto zaidi kuliko povu la polistireni. Mteremko wa sakafu na utando usiopitisha maji huzuia mvua kuvuja. Rangi nyeupe huakisi miale ya jua bila kula nafasi.