Tonga: Bunge Lililomfunga Mtu, Kisha Likampa Uwaziri Mkuu

Septemba 1996, Bunge la Tonga lilimpeleka jela mbunge wake, 'Akilisi Pohiva, pamoja na waandishi wawili wa gazeti. Kosa lao lilikuwa kulidharau Bunge. Walihukumiwa siku 30, na mahakama ikawatoa kabla hazijaisha. Desemba 2014 Bunge hilohilo lilimchagua Pohiva kuwa waziri mkuu, kura 15 kwa 11.

Kati ya tarehe hizo mbili, ufalme huu mdogo wa Bahari ya Pasifiki uligeuka sana. Katiba yake, iliyotolewa na Mfalme George Tupou I mwaka 1875, bado inatumika. Lakini kwa zaidi ya karne moja mfalme ndiye aliyeteua waziri mkuu na mawaziri, nao wakaketi bungeni kwa uteuzi huohuo. Wananchi wote walichagua wabunge 9. Machifu wa kurithi, wenye vyeo 33 tu nchi nzima, nao walichagua 9. Mbunge wa makabwela angeweza kusema hadi sauti ikauke, ila kura asingeshinda. Pohiva, mwalimu aliyeingia bungeni mwaka 1987, aliishi na hesabu hiyo miaka mingi.

Novemba 2006, Bunge likielekea kufunga kikao bila kupitisha mageuzi, hasira zililipuka. Sehemu kubwa ya maduka ya mji mkuu, Nuku'alofa, iliteketea na watu 8 wakafa. Mfalme George Tupou V, aliyekuwa amerithi kiti miezi miwili kabla, alikubali kuachia sehemu kubwa ya madaraka yake.

Tangu uchaguzi wa 2010 wananchi huchagua wabunge 17, machifu 9, na wabunge hao 26 humchagua waziri mkuu kwa kura ya siri. Ukiwaona wakiingia ukumbini na mkeka wa ta'ovala kiunoni, vazi la heshima la Tonga, huwezi kujua nani ni chifu na nani si chifu. Kura ndiyo inayowatenganisha. Mwaka huo chama cha Pohiva kilipata viti 12 kati ya 17, na bado akashindwa: machifu walihitaji wabunge watano tu wa wananchi kufikisha 14, wakawapata. Chifu Tu'ivakano akawa waziri mkuu.

Mfalme naye hakubaki pambo. Mswada hauwi sheria bila saini yake, na anaweza kulivunja Bunge. Agosti 2017 Mfalme Tupou VI, mrithi wa Tupou V, alilivunja kweli, Pohiva akiwa madarakani. Wapiga kura walimrudisha Novemba na viti 14, akaongoza hadi kifo chake Septemba 2019.

Ushindi huo wa 2017 ulikuwa mkubwa, lakini naona kazi iliyoanzishwa 2010 haijakamilika: theluthi nzima ya Bunge bado inachaguliwa na watu wasiojaza hata basi moja.