Fenilketonuria: Maradhi yanayomlazimu kijana kupima kila tonge

UGONJWA wa fenilketonuria ni miongoni mwa maradhi machache ya kurithi ambayo tiba yake kuu ni chakula. Mtoto aliyezaliwa nao akigunduliwa mapema na kulishwa ipasavyo, akili yake hukua kama ya wenzake. Akicheleweshwa, ubongo wake hudhurika na madhara hayo hayaondoki.

Chanzo chake ni kasoro katika jeni inayouwezesha mwili kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja fenilalanini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini. Kimeng'enya hicho kikikosekana au kikiwa dhaifu, fenilalanini hurundikana katika damu na kuufikia ubongo. Mtoto huugua iwapo amerithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na vilevile kwa mama. Aghalabu wazazi hao huwa wazima, na katika kila mimba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni mmoja kwa minne.

Daktari Asbjørn Følling wa Norway ndiye aliyeutambua ugonjwa huu mwaka wa 1934, alipopima mkojo wa watoto wawili wa mama mmoja waliokuwa na ulemavu wa akili. Katika miaka ya 1950, Horst Bickel na wenzake mjini Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba lishe yenye fenilalanini kidogo humfaa mgonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Robert Guthrie wa Marekani alibuni kipimo kinachotumia matone ya damu kutoka kwenye kisigino cha mtoto mchanga.

Lishe yenyewe ni kali. Mwenye ugonjwa uliokithiri hukatazwa nyama, samaki, mayai, maharagwe, dengu na njugu. Hata ugali hupimwa, kwani unga wa mahindi una takriban gramu 8 za protini katika kila gramu 100. Wengi wao huruhusiwa miligramu 250 hadi 350 tu za fenilalanini kwa siku, kiasi ambacho yai moja laweza kukimaliza. Pengo hilo huzibwa kwa kinywaji maalumu chenye asidi amino nyingine, vitamini na madini, ambacho hunywewa mara kadhaa kila siku. Vinywaji vilivyotiwa utamu wa aspatami navyo ni marufuku, kwa kuwa aspatami hutoa fenilalanini inapomeng'enywa.

Ugumu huzidi katika ujana. Kijana hutaka kula walacho wenzake, na kinywaji chake humwonea haya shuleni. Zamani madaktari wengi waliruhusu lishe hiyo iachwe utotoni, lakini sasa wataalamu husisitiza ifuatwe maisha yote. Fenilalanini ikipanda, kijana hushindwa kumakinika masomoni, hukasirika upesi na hupatwa na wasiwasi au huzuni.

Hali kadhalika, wapo wanaoacha kinywaji huku wakiendelea kuepuka nyama na maziwa. Hao hukabiliwa na upungufu wa vitamini B12, madini ya chuma na zinki, na mifupa yao huenda ikadhoofika. Wengine hushiba wanga na sukari, wakanenepa kupita kiasi. Kujinyima chakula ili kupunguza uzani nako si salama: mwili unaokosa nguvu huvunja misuli yake wenyewe, na fenilalanini iliyomo humwagika katika damu. Homa huleta athari iyo hiyo.

Msichana ana jambo jingine la kuzingatia. Akishika mimba ilhali fenilalanini yake iko juu, mtoto aweza kuzaliwa na kichwa kidogo, kasoro za moyo na ulemavu wa akili, hata kama hakuurithi ugonjwa. Kwa hivyo damu yapasa kudhibitiwa kabla ya mimba kutungwa.

Mwongozo wa Ulaya wa 2017 ulipendekeza kiwango cha mikromoli 120 hadi 360 kwa lita ya damu kwa walio chini ya miaka 12 na kwa wajawazito, na kisichozidi 600 kwa wengine. Ule wa Marekani wa 2014 uliweka 120 hadi 360 kwa kila umri.

Dawa nazo zimeongezeka. Sapropterini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2007, huwafaa baadhi ya wagonjwa tu, na pegvaliase, ambayo hudungwa, iliidhinishwa huko mwaka wa 2018 kwa watu wazima. Hata hivyo, kwa vijana wengi lishe ingali nguzo kuu. Inafaa basi wafunzwe mapema kupima chakula na kusoma matokeo ya damu yao wenyewe, kabla hawajaondoka chini ya uangalizi wa wazazi.