Timur: jina la chuma lililofika Gulfton na Muscat

Magorofa ya Gulfton, kusini-magharibi mwa Houston, yalijengwa miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya vijana waliofuata ajira za mafuta. Bei ya mafuta ilipoporomoka miaka ya 1980, vijana wakahama, na wenye nyumba wakawapangisha wahamiaji wa Amerika ya Kati. Wakaja pia wakimbizi wa Afrika, Wakongo wakiwamo. Kabul ilipoanguka Agosti 2021, ikawa zamu ya Waafghani, pamoja na majina yao. Mojawapo ni Timur.

Katika lugha za jamii ya Kituruki, maana yake ni chuma. Jiwe la kumbukumbu ya Kül Tegin, mwanamfalme wa Waturuki wa kale, lililosimamishwa mwaka 732 katika bonde la Orkhon, Mongolia, linataja mahali paitwapo Lango la Chuma, na chuma hicho kinaitwa temir. Hiyo ni miaka 600 kabla ya kuzaliwa kwa mteka miji Timur wa Samarkand (1336–1405), ambaye Waajemi walimwita Timur-i Lang, yaani Timur kiguru.

Tarehe hizo ni muhimu sana, kwa kuwa jina ni kongwe kuliko mtu huyo. Wengi hulisikia jina hili wakafikiria tu miji aliyoiteketeza, na kumtazama mtoto kwa jicho hilo si haki. Mzazi aliyemwita mwanawe chuma alimtakia uimara wa kuishi. Wauzbeki wana jina jingine, Tursun, linaloomba mtoto abaki duniani. Aghalabu hupewa aliyetanguliwa na ndugu waliofariki. Kabul kwenyewe Timur anayekumbukwa zaidi ni Timur Shah Durrani, aliyetawala kuanzia 1772 hadi 1793, akahamishia makao makuu huko kutoka Kandahar. Kaburi lake lipo mjini humo.

Waturuki husema Demir, Wakazaki Temir, Waazeri Teymur. Waomani husema Taimur, na hapo jina linaingia nyumbani kwetu. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar aliyefariki mwaka 1856 akiwa safarini kurudi Zanzibar, aliacha wana wengi. Barghash alitawala Zanzibar. Turki, ambaye jina lake nalo linawataja Waturuki, alitawala Muscat, akafuatwa na mwanawe Faisal. Mwana wa Faisal ndiye Taimur, sultani kuanzia 1913 hadi alipojiuzulu mwaka 1932. Qaboos, sultani aliyewapokea Waswahili wengi waliorejea Oman baada ya 1970, alikuwa mjukuu wa Taimur huyo. Haitham, sultani wa sasa, ni mjukuu wake pia.

Basi mzazi Mswahili uliyeko Gulfton, mwanao akirudi shuleni na habari za rafiki mpya aitwaye Timur, usimwambie kwamba ni jina geni. Mweleze kwamba kitukuu wa Seyyid Said aliitwa hivyo hivyo.