Ardhi Iliyoahidiwa Mara Mbili

Ukipanda matatu kutoka Nakuru kwenda Eldoret, ukishapita Burnt Forest nchi hufunguka: ngano, mahindi, ng'ombe wa maziwa, na baridi ya asubuhi inayokufanya ufunge koti hadi shingoni. Nimezaliwa huku. Nilikuwa chuoni niliposoma kwamba nchi hii iliwahi kupendekezwa iwe makao ya Wayahudi.

Aprili 1903, mjini Kishinev katika dola ya Urusi, Wayahudi 49 waliuawa katika fujo zilizochochewa na chuki ya dini. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, alikuwa akitafuta mahali pa kuwakimbizia watu wake. Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alikuwa amezuru Afrika Mashariki muda mfupi kabla ya hapo na kuziona nyanda zake kwenye njia ya reli. Serikali yake ikatoa sehemu ya Uasin Gishu, takriban maili mraba 5,000. Historia inauita Mpango wa Uganda, ingawa eneo lilikuwa limeshahamishiwa kwenye himaya iliyokuja kuwa Kenya.

Agosti mwaka huo, mkutano wa Wazayuni mjini Basel uliamua kwa kura 295 dhidi ya 178 kutuma wapelelezi. Waliopinga zaidi walikuwa wajumbe wa Urusi, kule kule damu ilikomwagika. Walitaka kimbilio, lakini nyumbani kwao palikuwa na jina moja tu: nchi ya mababu. Mwaka 1905 mpango ukatupwa.

Katika shauri lote hilo, Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa. Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitishwa kuzungumzia amani. Mwaka 1908 Makaburu wakaingia na magari yao ya kukokotwa na maksai. Mji ukamea kwenye shamba namba 64, na mpaka leo wapo wanaouita Eldoret kwa namba hiyo.

Mwaka 1903 Waziri Mkuu wa Uingereza alikuwa Arthur Balfour. Ni Balfour huyo huyo ambaye, tarehe 2 Novemba 1917, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, alitia sahihi barua ya kuunga mkono makao ya taifa la Wayahudi huko Palestina. Barua iliwataja Wayahudi kwa jina. Waarabu, waliokuwa karibu tisa kati ya kila wakazi kumi, iliwaita jamii zisizo za Kiyahudi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakusema tufanye nini mgeni anapopewa jembe na mtu asiye mwenye nyumba. Na ugumu wa Palestina unazidi hapo, kwa sababu Myahudi hakujiona mgeni. Alijiona anarejea. Mpalestina naye hakuwa ameondoka.

Yaliyofuata twayajua. Mwaka 1948 Israeli ilizaliwa, na Wapalestina wapatao 700,000 wakapoteza makazi yao. Wengine waliondoka na funguo za nyumba mfukoni. Mwaka 1967 Israeli iliteka Ukingo wa Magharibi na Gaza. Mwaka 1993 Yitzhak Rabin na Yasser Arafat walipeana mikono Washington. Miaka miwili baadaye Rabin aliuawa, na muuaji alikuwa Myahudi mwenzake aliyepinga mapatano. Oktoba 7, 2023, watu wapatao 1,200 waliuawa Israeli na wengine wakatekwa. Katika vita vilivyofuata, Wapalestina makumi ya maelfu waliuawa Gaza.

Baada ya hayo, kutaja matumaini kunaweza kuonekana utoto. Lakini wapo Rami Elhanan na Bassam Aramin. Smadar, binti wa Rami, aliuawa na bomu la kujitoa mhanga Jerusalem mwaka 1997. Abir, binti wa Bassam, alikuwa na miaka kumi mwaka 2007 alipopigwa risasi ya mpira na askari wa Israeli. Baba hawa wawili, Mwisraeli na Mpalestina, huzunguka pamoja wakisimulia vifo vya watoto wao. Hawadai kwamba machungu yao yana uzito mmoja kisiasa. Mmoja anaishi chini ya jeshi la mwenzake, na wote wawili hulisema hilo waziwazi.

Nawaelewa kwa sababu ya Januari 2008. Huku kwetu kanisa la Kiambaa lilichomwa likiwa na watu ndani, na majirani wakaulizana upya ardhi hii ni ya nani. Sisi tulikimbia. Tuliporudi, nyumba ilikuwa majivu. Jirani wa ng'ambo ya ua hakuomba msamaha, wala baba hakumuuliza alikuwa wapi usiku ule. Msimu wa kupanda ulipofika, alileta debe la mbegu za mahindi, akaliweka langoni, akaondoka.

Sijui kama hiyo ni amani. Haki haijatendeka, na hati za mashamba bado zinabishaniwa. Lakini baba alizipanda mbegu zile. Alijua yule mtu hahami, na sisi hatuhami.